Kisu Kidogo na Mkono wa Kushoto

Kisu kile kilivunjika ncha siku ya Jumamosi asubuhi, wakati mama wa nyumba alipokuwa bombani akingoja zamu yake ya kuteka maji. Mwanawe wa tatu, mvulana wa miaka 9, alishikwa na hamu ya maziwa mazito ya kopo, na kifungua makopo hakikuonekana. Akafungua sanduku la kazi la mama yake, akatwaa kisu kidogo chenye kipini cheusi, akakikita ncha katika mfuniko wa kopo, kisha akakipinda. Chuma kilichokomazwa kwa kukata ngozi hakipendi kupindwa. Kililia mara moja, na kipande chenye ukubwa wa punje ya mchele kikabaki ndani ya bati.

Mama huyo ni mke wa koplo wa polisi, nao wanakaa katika kota za askari mjini Jinja. Mshahara wa koplo hujulikana ulivyo, na watoto ni 4. Kwa hiyo yeye hushona makubazi, mikanda na pochi za ngozi, akawauzia majirani wa kambini na wapita njia wa sokoni. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, fundi viatu ambaye alikaa chini ya mti ule ule mpaka wenye mji wakauita kwa jina lake. Kisu kilikuwa cha mzee huyo. Kilikuwa kimenolewa na kunolewa tena hata bapa lililokuwa pana kama vidole viwili likabaki jembamba kama jani la mkaka. Mzee alipofariki, ndugu waligawana ng'ombe na mabati. Binti aliomba kisu, wala hakuna aliyempinga.

Ajali ile ilimkuta mama huyu pabaya. Alikuwa amekubali kushona pochi 12 za vitambulisho kwa ajili ya askari wenzake mumewe. Kila pochi ilitakiwa iwe na dirisha upande wa ndani, ili kadi ionekane bila ya kutolewa. Nusu ya malipo ilikuwa imekwisha tolewa, na nusu hiyo ilikwisha geuka kuwa kipande cha ngozi ya ng'ombe chenye unene wa milimita 1 na nusu, cha kutosha pochi 13: 12 za wateja na moja ya makosa. Nusu iliyobaki ilikuwa imewekewa hesabu ya ada ya shule. Madirisha 4 alikuwa amekwisha kuyakata kwa kisu cha baba yake. Yalibaki 8, na siku zilikuwa 10.

Mtu asiyefanya kazi ya ngozi aweza kuuliza, kwani nyumba ile haikuwa na kisu kingine? Vilikuwapo. Kulikuwa na kisu kikubwa cha kupasulia ngozi vipande, na kingine chenye makali mapana cha kuparua kingo ili zipungue unene kabla ya kukunjwa na kushonwa. Lakini kukata dirisha ni kazi ya namna nyingine. Dirisha lina kona 4, na kona za pochi hizo zilichorwa mviringo kwa kufuatisha ukingo wa sarafu. Madirisha 12 ni kona 48. Kisu kipana kikifika kwenye kona hakigeuki. Hukata vipande vifupi vilivyonyoka, na mahali pa mviringo pakawa na pembe pembe kama kiberenge kilichopondeka. Wako mafundi wanaotoboa kona kwanza kwa kitoboleo cha duara na kuziunganisha kwa mistari iliyonyoka, na njia hiyo ni nzuri. Kitoboleo alichokuwa nacho mama huyu, hata hivyo, kilikuwa cha matundu ya mikanda, kidogo kuliko ile kona. Ilimlazimu kuwa na kisu chembamba chenye ncha, cha kushikwa kama kalamu.

Jumatatu alikwenda dukani mjini. Muuzaji alimwonyesha kisu cha kung'aa, cha chuma kisichoshika kutu, chenye kipini cha mti kilichopakwa vanishi na ala yake juu. Kilikata karatasi ya gazeti bila ya kukwaruza, na kwa macho kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyopata kuvishika. Alikinunua. Nyumbani alikijaribu juu ya kile kipande cha ngozi cha akiba. Mistari minyofu ilikwenda vyema, lakini alipoingia kwenye kona ya kwanza bapa likamkwama, akalazimisha, na kisu kikaruka mstari mpaka katikati ya ngozi. Ngozi haifutiki kama maandishi ya penseli, wala haishonwi kiraka mahali pa kuonekana. Pochi ya makosa ikawa imekwisha liwa na kosa la kwanza.

Kisu chenyewe hakikuwa na hatia. Upana wake ulikaribia vidole viwili, na kilifaa kwa kazi nyingine. Kosa lilikuwa katika namna ya kukijaribu. Karatasi humjulisha mtu kama makali yapo. Haimjulishi kama kisu kitageuka. Anayenunua kisu kwa kazi ya kona na aende na makombo ya ngozi mfukoni, ya unene ule ule atakaoukata, na sarafu moja. Aizungushie sarafu mstari juu ya ngozi, kisha aukate mstari huo polepole, akiigeuza ngozi kwa mkono mmoja huku kisu kikisimama wima katika mkono mwingine. Kisu kikizunguka bila ya kuacha pembe, na ukingo wa chini wa ngozi ukilingana na ule wa juu, hicho chafaa. Mwenye duka akikataa kisu chake kijaribiwe, yapo maduka mengine.

Mganga msaidizi mmoja wa zahanati, jirani yao, alimshauri anunue kisu cha upasuaji, kile ambacho wembe wake huchomolewa na kutiwa mwingine. Shauri hilo lilikuwa na akili. Wembe wa namba 11 una ncha kali na makali yaliyonyoka, na huingia katika mpini wa namba 3; mafundi wengi duniani huutumia kwa mapambo ya ngozi nyembamba. Alinunua mpini na pakiti mpya ya nyembe dukani. (Nyembe zilizokwisha tumika hospitalini zisiguswe kamwe, hata zikichemshwa, kwa kuwa maradhi ya damu hayana mzaha.) Ule wembe ulizunguka kona vizuri ajabu. Taabu yake ni wembamba: katika ngozi ya milimita 1 na nusu ulianza kuyumba, na alipokaza mkono ncha ikakatika na kuruka karibu na jicho. Aliuweka kando kwa kazi ya bitana na ngozi laini ya mbuzi, ambako unamtumikia hata leo.

Alhamisi alipanda gari la abiria kwenda Kampala, mwendo wa kilomita 80 hivi, akashuka na kuelekea Katwe. Wanaolijua eneo lile wanafahamu kwamba chuma kilichotupwa kwingine huko hupata kazi ya pili. Kijana mmoja mwenye gurudumu la umeme alimtengenezea kisu kwa muda mfupi kutokana na kipande cha msumeno wa mkono wa kukatia chuma. Alisaga meno yasionekane, akaendelea kusaga upande ule mpaka ncha ikatokea, akamviringishia mpira wa baiskeli kuwa kipini. Bei ilikuwa ndogo mno ukiilinganisha na ya kisu cha dukani. Aliporudi nyumbani alijaribu kwa makombo, na kisu kikakata kona mbili safi. Kona ya tatu kilianza kuvuta ngozi. Alikinoa. Kona mbili nyingine, kikavuta tena.

Jambo hili linawasumbua wengi wanaotengeneza visu vya msumeno, wakadhani ni bahati tu, kwamba kimoja hutoka kizuri na kingine kibaya. Sababu inajulikana. Nyembe nyingi za misumeno ya mikono siku hizi hutengenezwa kwa vyuma viwili vilivyounganishwa: ukanda mwembamba wa chuma kigumu sana mahali pa meno, na mgongo wa chuma laini kinachokubali kupindika, ili msumeno usikatike mikononi mwa mtumiaji. Ukisaga meno yote na kuendelea, umekwisha kuutupa ule ukanda mgumu, na unanoa mgongo. Wembe wa namna hiyo hutambulikana kwa kuupinda: huinama kama upinde na kurudi. Ule ulio mgumu mzima huvunjika kama kigae. Bora zaidi ni vipande vya misumeno mikubwa ya mashine za karakana, vyenye unene wa kutosha na ugumu mpaka mgongoni.

Basi zilibaki siku 5. Alirudi tena Kampala, safari hii akiwa amefunga vitu vyote katika kitambaa: kisu cha baba yake kilichovunjika, kile cha Katwe, moja kati ya pochi 4 zilizokwisha katwa dirisha, na makombo. Alimtafuta mzee mmoja mshona viatu ambaye baba yake alikuwa akimtaja kwa heshima. Alimkuta ameketi juu ya kigoda, miwani imefungwa kwa uzi, akiparua ukingo wa soli.

“Shikamoo Mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Umeleta nini?”

Mzee hakuanza kwa kutazama visu. Alitwaa pochi, akaigeuza, akapitisha ukucha katika ukingo wa dirisha, juu kisha chini. Ukingo ulikuwa umelala: dirisha lilikuwa pana kwa juu na jembamba kwa chini, kwa tofauti ya karibu milimita moja. Akauliza ni nani aliyekata. Mama yule akasema ni yeye, na kwamba kazi yake ndivyo ilivyo siku zote. Hata marehemu baba yake alikuwa akimwambia ana mkono mzito. Mzee akatwaa kisu cha marehemu, akakitazama kwa mbele kama mtu anayelenga shabaha. Kisha akampa kipande cha ngozi na rula ya chuma, akamwambia akate mbele yake.

Alikata kwa mkono wa kushoto.

Yafaa kueleza hapa alichokiona yule mzee, kwa kuwa ndilo jambo ambalo wauza visu hawaliulizi. Kisu cha ngozi aghalabu hunolewa upande mmoja tu. Upande mmoja ni bapa tupu, na upande wa pili una mteremko unaoshuka kwenye makali. Ule upande wa bapa ndio unaotakiwa uegemee rula, ili makali yapite juu ya mstari wenyewe na kushuka wima. Mtu wa mkono wa kulia hushika rula kwa mkono wa kushoto, nayo hukaa kushotoni mwa kisu. Kwa hiyo bapa la kisu chake huwa kushoto na mteremko kulia. Mtu wa mkono wa kushoto mambo yake yamegeuka. Akishika kisu cha mwenzake, mteremko ndio unaoegemea rula, makali yanasimama mbali na mstari, na ili ayarudishe hana budi kukilaza kisu. Kikilala, ukingo nao hulala. Hakuna uzito wa mkono hapo.

Mama yule alikuwa amekata ngozi kwa miaka 20 kwa kisu cha mtu wa mkono wa kulia.

Alipokuwa mtoto alikuwa akipigwa vidole kwa kula na mkono wa kushoto, na shuleni mwalimu alimfunga mkono huo kwa kitambaa mpaka akazoea kuandika kwa wa kulia. (Walimu wa siku zile waliamini wanamsaidia mtoto.) Anakula kwa mkono wa kulia, anaandika kwa mkono wa kulia, anasalimiana kwa mkono wa kulia. Katika kibanda cha baba yake tu ndimo alimoachwa ashike kisu kwa mkono alioutaka. Mzee yule hakumkataza hata siku moja. Lakini wala hakufikiri kwamba chuma nacho kina upande, maana kwake yeye kisu kilikuwa sawa. Akiuona ukingo umelala alisema ni mkono mzito, akaurekebisha mwenyewe, akaendelea na kazi.

Mshona viatu alisema angeweza kukigeuza kile kisu cha marehemu, akisage mteremko wa upande huu na kuutia upande wa pili. Mama alifikiri kidogo, akakataa. Aliomba kipya.

Kikatengenezwa kwa kipande cha msumeno wa mashine, chenye unene wa milimita 2. Mzee hakukimbiza gurudumu. Alisaga kidogo, akapumzika, akagusa chuma kwa kidole, akasaga tena, maana chuma cha kawaida kikipata moto mpaka kikageuka rangi ya samawati, ugumu wake umekwenda, na kukinoa baadaye ni kazi bure. Baadhi ya vyuma vya misumeno hustahimili moto zaidi, lakini fundi mwenye busara havijaribu kwa mali ya mteja. Makali yalipewa urefu wa sentimita 3 na nusu tu. Urefu zaidi ya huo katika kazi ya kona hauna faida. Huongeza tu mahali pa kujikata. Upana ulikuwa chini ya sentimita moja, ukipungua kuelekea kwenye ncha. Bapa likawa kulia, mteremko kushoto. Kipini kilikuwa cha mti wa mpera, kifupi, kimepimwa katika kiganja chake mwenyewe ili kichwa chake kikae penye bonde la kiganja.

Yafaa kutaja kwamba mtu asiyejua ni mkono gani utakaotumia kisu, pengine kwa kuwa nyumba ina mafundi wawili, aweza kunoa pande zote mbili sawasawa. Kisu hicho humfaa kila mtu, ingawa penye rula hutaka uangalifu zaidi.

Kunoa ndiko kulikochukua sehemu kubwa ya mazungumzo yao, na kwa haki. Mama alifundishwa kutandika msasa wa maji juu ya kipande cha kioo, kuanza na namba 400, kisha 800, kisha 1,500 au 2,000, akilaza mteremko wote juu ya msasa bila ya kuuinua, na mwishoni akilisugua bapa mara chache ili kuondoa ule uzi wa chuma unaojikunja ukingoni. Baada ya hapo kisu huvutwa juu ya ukanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kijani ya kung'arishia chuma, makali yakifuata nyuma, kama kinyozi anavyofanya kwa wembe wake. Kila baada ya madirisha mawili matatu, ukanda tu watosha. Makali yakiachwa yafe kabisa, msasa huanza upya.

Jambo moja mzee alilirudia mara mbili. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama ile ya magome ya miwati inayopandwa Njombe na katika nyanda za juu za Kenya, ikiwa na unyevu isiachiwe chuma juu yake. Dawa ya magome na chuma hushikana na kuacha doa jeusi lisilotoka kwa sabuni. Ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya kromi haina tabia hiyo. Ngozi ya pochi zile ilikuwa ya magome.

Mama alirudi Jinja jioni. Kesho yake hakukata dirisha hata moja. Alikata sarafu katika makombo, moja baada ya nyingine, mpaka mkono ulipoacha kulala. Mazoea ya miaka 20 hayatoki kwa usiku mmoja, na mara kadhaa alikuta kisu kimeinama chenyewe kutafuta pembe ya zamani. Siku ya tatu ndipo alipoanza. Hakukata kwa mara moja. Alipitisha kisu kwa wepesi mara tatu, mara ya kwanza kuchora, ya pili kuingia, ya tatu kutoka upande wa pili, ngozi ikiwa juu ya ubao laini ili ncha isigonge kitu kigumu. Madirisha 8 yalitoka na kingo zilizosimama.

Yakabaki yale 4 ya kwanza, nayo ngozi ya akiba haikuwapo. Hapo ndipo alipotumia akili. Kabla ya kuanza yale 8 alikuwa amekata kielelezo kipya cha kadibodi, kikubwa kuliko cha kwanza kwa milimita 2 kila upande, na alikata yote kwa kipimo hicho. Kwa hiyo ile kingo iliyolala katika pochi 4 za kwanza aliweza kuiparua yote, na madirisha yote 12 yakawa sawa. Kadi bado zilikuwa na mahali pa kushikwa. Askari mmoja tu, sajini mwenye macho makali, aliuliza kwa nini dirisha limezidi lile walilopatana. Aliambiwa kwamba picha yake itaonekana vizuri zaidi, akacheka, akalipa.

Sanduku la kazi sasa lina kufuli, na kisu kipya hukaa ndani yake, ncha ikiwa imechomekwa katika kizibo cha chupa. Nyembe za upasuaji zilizokwisha huingizwa katika kopo lenye tundu jembamba juu ya mfuniko, kopo lile lile la maziwa, ambalo mtoto alilazimishwa kulisafisha mwenyewe.

Kisu cha babu yake kiko humo pia. Mshona viatu alikitia ncha mpya bila ya malipo, akapoteza milimita chache za chuma ambacho tayari kilikuwa kidogo, na mteremko wake aliuacha palepale ulipokuwa. Mvulana ameanza kuomba afundishwe kukata. Yeye hushika kijiko, kalamu na jiwe la manati kwa mkono wa kulia.